Mtoto wangu hakula pipi, alizaliwa kabla ya wakati

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kutoka hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Mi si mwandishi, mi nauza mitumba sokoni, na gazeti lako mara nyingi nalisoma likiwa limeshapita mikono mitatu minne au limefungia chapati, lakini ile wiki mlipotoa ukurasa wa afya ya watoto nilinunua nakala yangu mwenyewe nihakikishe nimesoma sawa. Kumbe nilisoma sawa. Mliandika kwamba ukiona mtoto mdogo ana meno yameoza basi mama yake ni mvivu, anampa pipi na soda na hamswaki. Basi, mkaishia hapo, sababu nyingine hamkutaja hata moja. Mama mmoja wa meza ya jirani akanisogezea ile habari akacheka akasema "haya, wamekuandika". Alikuwa anatania lakini mi sikucheka.

Kitinda mimba wangu ni msichana, mwezi ujao anatimiza miaka sita. Meno yake ya mbele juu yaliota yakiwa tayari yameharibika. Yaani siku linachungulia kwenye ufizi ndo siku hiyo hiyo niliona kasoro, halijaonja hata uji, hiyo pipi ingepitia wapi? La juu upande wa kushoto lilitoka na kishimo cha rangi ya kahawia na ukingo umemomonyoka, ungesema punje ya mahindi iliyopitiwa na dumuzi. La pembeni yake lilikuwa na madoa meupe kama chokaa alafu huku chini njano. Watoto wangu wakubwa wawili walikulia nyumba hiyo hiyo, uji huo huo, sukari hiyo hiyo, na meno yao ya utoto yalitoka meupe safi. Nikajiuliza huyu nimemkosea nini.

Sasa nikueleze alivyozaliwa manake ndo penyewe. Mimba ilikuwa na wiki 29, miguu imevimba, uso umevimba, kichwa kinagonga, nafikiri ni uchovu wa soko, kumbe ni presha. Nikapelekwa hospitali ya rufaa mji mwingine nikiwa sijui hata mchana au usiku, wakamtoa mtoto, gramu 1,150. Watoto waliowahi kuzaliwa hivi wenzetu wa Tanzania wanawaita njiti, yaani kama vijiti, sisi huku tunasema tu primatua, lakini mi hilo neno njiti nililipenda tangu nililisikia, manake ukimwona mguu wake ndo utaelewa. Usiku wa kwanza aliacha kupumua. Daktari akamfungua mdomo na kile chuma chenye taa akampitishia mpira kooni, alikaa nao siku nne, baadaye wakambadilishia ile hewa ya puani yenye chupa ya maji inayotoa mapovu. Maziwa nilikamua kwenye kikombe wanampa kwa bomba la sindano kupitia mpira wa puani, mililita mbili, tatu, tano, unakaa unahesabu kama mtu anayehesabu chenji. Alipopata nguvu kidogo nikaambiwa nimweke kifuani ngozi kwa ngozi, ile njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá huko Kolombia mwaka 1978 inkubeta, zile mashine za kuwapa watoto joto, zilipokuwa hazitoshi, nikambeba hivo mchana na usiku. Wiki saba tulikaa.

Siku ya kuruhusiwa sista alikaa na mimi kwenye benchi, na namshukuru mpaka leo, akanieleza macho, kwamba watoto hawa macho yao yapimwe, akanieleza uzito, chanjo, joto, kunyonyesha, dalili za hatari, nirudi lini. Meno hakutaja. Simlaumu, inawezekana na yeye hakuna aliyemwambia. Mtoto ana kilo moja na nusu nani anawaza meno?

Meno yalichelewa. Miezi sita ikapita, nane, tisa, mtoto ana fizi tupu na mama mkwe ananiangalia kwa jicho lile. Hapa nina kitu cha kusema ambacho naona haya. Mtoto wangu wa kwanza, yule mvulana, akiwa na miezi mitano alipata homa na kuharisha, ufizi umetuna pale pa chonge, majirani wakasema ni ebino. Kwa wasomaji wenu wa mbali, ebino ni yale watu wanasema ni meno mabaya yenye funza yanayoua mtoto, Tanzania waliyaitaga meno ya nailoni. Nikampeleka kwa mama mmoja akamchokonoa na spoku ya baiskeli akanionyesha kitu cheupe laini, akasema unaona funza huyo. Haikuwa funza, Mhariri. Ilikuwa ni jino la mtoto wangu lililokuwa bado changa halijakauka. Leo ana miaka 13, chonge za utoto hakuwahi kuwa nazo, na chonge ya ukubwani upande mmoja imetoka imepinda na ina tundu. Na huyo alipona, wapo wasiopona. Madaktari wa hospitali ya Lacor kule Gulu waliandika mwaka 2000 kuhusu watoto waliofikishwa kwao na wengine wakafa baada ya kung'olewa ebino, damu kuisha au vidonda kuoza mpaka sumu inaingia mwilini.

Kwa hiyo yule mama wa spoku alipoletwa tena kwangu safari hii, ati huyu mdogo meno yamekwama inabidi afunguliwe njia, nilimtoa mbio. Mama mkwe hakuniongelesha wiki nzima.

Jino la kwanza likatoka miezi 11. Baadaye ndo nimekuja kuelewa kwamba haikuwa kuchelewa sana, manake mtoto wa hivi umri wake unautoa zile wiki alizowahi kuja. Wangu aliwahi wiki 11, kwa hiyo ile miezi 11 kwa hesabu ya mwili wake ni kama miezi nane na nusu tu, na mtoto wa kawaida anaweza kuota huo wakati bila mtu kushtuka. Hata hilo peke yake ningeambiwa mapema lingenipunguzia maneno mengi nyumbani.

Alafu ndo yakaja matusi ya kliniki. Akiwa na mwaka na nusu alianza kulia akinywa maji ya baridi, jino la shimo likamegeka kipande akiuma tu chapati. Nikampeleka kituo kimoja cha afya, jina sitaji, mhudumu kafungua mdomo kaangalia sekunde mbili akasema mbele ya foleni yote, "nyinyi wamama wa sokoni mnawanyamazisha watoto na pipi alafu mnatuletea". Nikatoka na dawa ya maumivu ya maji, tena tamu kama asali, nikaificha sura na kitenge mpaka stendi ya boda. Miezi mingapi sijui nikakaa bila kumpeleka popote, manake ukishaitwa mama mbaya mara moja hutaki kusikia mara ya pili. Hapo ndo gazeti lako linanihusu, Mhariri, manake mliyoandika ni yale yale ya foleni, ila nyinyi mmeyachapa kwa herufi.

Aliyenitoa kizani ni musawo wa meno, yaani tabibu wa meno, wa helsi senta foo (kituo cha afya cha ngazi ya nne), kijana tu, wale wanaosomea Mulago, Kampala. Nilienda na mume wangu siku hiyo kwa sababu nilikuwa sitaki kutukanwa peke yangu. Yule kijana kamwangalia mtoto, kaangalia tena kwa tochi, hakuuliza pipi, akauliza, "Mama, huyu alizaliwa na wiki ngapi?" Miaka miwili na zaidi na hakuna aliyewahi kuniuliza hivo akiangalia mdomo wake. Nikaanza kulia hapo hapo, mume wangu anashangaa nalia nini.

Mume wangu ni fundi wa ujenzi. Musawo alipojua hivo akamwambia, mzee, jino ni kama nyumba. Ndani kuna ukuta, nje kuna lipu. Hiyo lipu ndo inaitwa enameli na ndo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, hata mfupa haufikii, manake karibu yote, kama asilimia 96 kwa uzito, ni madini matupu. Mafundi wa hiyo lipu ni seli zinaitwa ameloblasti. Wanaanza kazi mimba ikiwa na kama wiki 14, wanaanza na meno ya mbele wanakwenda wakirudi nyuma kwenye magego. Meno ya mbele ya utoto wanayamaliza mtoto akiwa na miezi miwili mitatu hivi tangu azaliwe kwa wakati wake, yale magego ya mwisho ya utoto wanayamaliza anakaribia mwaka. Kazi ikiisha mafundi wanakufa, jino likitokeza nje hawapo tena. Ngozi ikichubuka inajiziba, mfupa ukivunjika unaunga, lakini enameli ikitoka na pengo itabaki na pengo, hakuna fundi wa kumwita arudi.

Mume wangu akauliza swali la fundi hasa, "na simenti ikiisha katikati?"

Ndo hapo, musawo akasema. Simenti ni madini ya kalisi (kalsiamu) na fosfati, na nyingi yake, karibu asilimia 80 ya kalisi, mama anampa mtoto ile miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Huyu wenu alitoka wakati lori la simenti bado liko kwenye foleni mpakani (tulicheka, watu wa Busia tunajua foleni ya malori). Alafu huku nje mwili wake hauna akiba, tumbo halijui kusaga vizuri, pengine ini bado changa anapata manjano, pengine maambukizi, pengine hewa inapungua, na kila homa kali mafundi wanaweka mwiko chini. Hesabu mwenyewe, wiki zile saba mtoto yuko wodini ndo zile zile lipu ya meno yake ya mbele ilikuwa inapigwa. Pale simenti ilipopungua lipu ikawa nyembamba au ikatoboka kabisa, hiyo wanaita haipoplasia, na pale ilipopigwa unene wake kamili lakini haikukauka vizuri ndo yale madoa meupe na ya njano, laini, yanamegeka kwa urahisi.

Akatuambia na jambo jingine ambalo nimelisimulia kila mtu. Hata mtoto aliyetimiza miezi tisa kamili, ukikata jino lake la utoto ukaliangalia kwa hadubini utakuta mstari mwembamba, ni mstari wa siku aliyozaliwa, manake kuzaliwa tu, hata kuzuri, ni mshtuko na mafundi wanasita. Yaani kila mmoja wetu alitembea na tarehe yake ya kuzaliwa mdomoni mpaka meno ya utoto yakang'oka. Kwa njiti huo mstari unakuja mapema na kinachofuata baada yake ndo shida.

Nilipomuuliza mbona upande wa kushoto ndo umeharibika zaidi akaniuliza kama aliwekewa mpira kooni. Nikasema ndiyo siku nne. Akasema basi. Nilifikiri ananituliza tu, nikamwambia mtoto wa dada yangu anayesoma Makerere (anasomea biashara lakini kwenye intaneti huyo ni mwindaji) anitafutie. Akapata kwamba Kim Seow na wenzake kule Brisbane, Australia, waliandika tangu mwaka 1984 kuhusu watoto waliozaliwa na uzito mdogo, wakaona waliowekewa mpira kooni wana kasoro nyingi kwenye meno ya mbele juu na nyingi ziko kushoto. Sababu ni ya kawaida kabisa, kile chuma chenye taa daktari anakishika kwa mkono wa kushoto, kinaegemea ufizi wa juu kushoto, na chini ya ufizi wa mtoto wa kilo moja jino changa halina pa kukimbilia. Tangu mwaka 1984! Mi sikuwa nimezaliwa. Na mi naambiwa pipi.

Nisieleweke vibaya, simlalamikii yule daktari wa usiku ule. Kile chuma ndo kilimrudishia mtoto wangu pumzi, angekuja kuniuliza uchague jino au mtoto ningemwambia chukua meno yote ishirini. Kinachoniuma ni kwamba anayeokoa anajua, anayeandika vitabu anajua, ila mama anayekwenda nyumbani na mtoto ndo hajui.

Na si kila njiti anapata hivi, musawo alisisitiza. Wengine meno yanatoka mazuri tu. Anavyowahi zaidi na anavyougua zaidi ndo hatari inapanda, waliozaliwa chini ya wiki 32 kuliko wale wa wiki 35 au 36. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watoto kama milioni 13.4 waliozaliwa kabla ya wiki 37 mwaka 2020 dunia nzima, yaani karibu mmoja kwa kila kumi. Angalia wodi yoyote ya wazazi hapa kwetu, huko Mbale, Jinja, Kawempe, hesabu vitanda, hawa watoto wapo na wanaishi, siku hizi wanaishi wengi kuliko zamani, na wakiishi wataota meno.

Sasa kasoro yenyewe si kuoza, ila inafungulia mlango kuoza. Vijidudu vinapenda pale penye mikwaruzo pa kujibanza, kishimo kinashika chakula, lipu nyembamba haichukui muda kupenya, na jino la kawaida lingevumilia ile sukari kidogo ya uji lakini hili halivumilii. Kwa hiyo sukari ina sehemu yake, sikatai, mlisema kweli nusu. Mi mwenyewe nilikuwa na kosa ambalo hata sikujua ni kosa. Mtoto aliyezaliwa hivi anaishi kwa dawa za maji, dawa ya kuongeza damu, dawa za kifua, na nyingi zina sukari, na nilikuwa nampa usiku wakati wa kulala ili asisumbue, alafu analala nayo mdomoni mpaka asubuhi. Siku hizi dawa yoyote tamu lazima anywe maji baadaye nimfute mdomo. Chupa kitandani hakuna.

Tunachofanya nyumbani si kikubwa. Asubuhi na usiku namswaki mimi mwenyewe kwa mkono wangu, sio yeye, mtoto wa miaka mitano anaswaki shavu. Dawa ya meno yenye floraidi, alipokuwa chini ya miaka mitatu nilikuwa naweka kama punje ya mchele, sasa kama punje ya njegere, na anatema. Mama mkwe alikuwa anataka tumsugue na mkaa uliosagwa ili yale ya njano yawe meupe, nikamwambia mama, hiyo njano si uchafu, ni ukuta unaonekana kwa sababu lipu haipo, tukisugua na mkaa tunamaliza hata iliyobaki. Hilo la lipu alilielewa haraka, mtoto wake si fundi! Mswaki wa mti hauna ubaya, ila utafunwe ulainike vizuri. Kwa musawo tunaenda kila baada ya miezi mitatu, anapaka floraidi kwa brashi dakika mbili tu, gego moja la nyuma alilivisha kofia ya chuma linang'aa kama sufuria mpya na mtoto analiringia. Lile la mbele lililomegeka alilipaka dawa inayosimamisha kuoza, inaacha jino jeusi, alinionya mapema nikakubali. Shuleni wakaanza kumwita jino bovu. Akawa anacheka amefunika mdomo na kiganja, mtoto wa chekechea, hiyo ndo ilinikondesha kuliko gharama.

Gharama nayo ipo. Kupaka floraidi pale kwetu hatulipi dawa ikiwepo, isipokuwepo unarudi tena, na nauli ya boda kwenda na kurudi ni faida yangu ya siku nzima. Helsi senta nyingi za ngazi ya chini hazina kabisa mtu wa meno. Najua serikali haina pesa za kuweka daktari wa meno kila kijiji, siombi hivo.

Naomba kitu cha bure. Ile siku mama anakaa kwenye benchi na sista anamweleza macho na uzito na chanjo, aongeze sentensi moja, "mama, huyu meno yake yanaweza kuchelewa na yanaweza kutoka dhaifu, jino la kwanza likitoka mlete aangaliwe, na usikubali mtu amchokonoe ufizi". Sekunde kumi. Na zile wiki za mimba aliyozaliwa nayo ziandikwe kwa wino kubwa juu ya kadi yake ya chanjo, ili mtu yeyote anayeishika kadi ajue anaangalia mtoto gani kabla hajafungua mdomo wake mwenyewe. Kila mama hapa Uganda anajitahidi apeleke mtoto chanjo ya surua miezi tisa. Siku hiyo mtoto analia mdomo wazi, sista si achungulie tu hizo fizi? Ni bahati iliyoje hiyo, mdomo umefunguka wenyewe. Na wale VHT wetu, wahudumu wa afya wa kijiji, wanaopita nyumba kwa nyumba wafundishwe hii, manake yule mama wa spoku naye anapita nyumba kwa nyumba na yeye hachelewi.

Na nyinyi wa magazeti. Tarehe 17 Novemba ni siku ya watoto njiti duniani, kila mwaka naona picha za watu wamevaa zambarau, watoto wamevishwa kofia, waheshimiwa wanatoa hotuba kuhusu inkubeta. Vizuri. Lakini mwaka huu mkichapa ukurasa huo muweke na meno, na mumtafute musawo wa meno awaeleze kwa maneno ya lipu na simenti kama alivyotueleza sisi, manake mume wangu ameshawaeleza mafundi wenzake wote pale saiti na wawili kati yao wana watoto njiti na hawakuwa wanajua.

Huyu wangu sasa anaanza kung'oa ya utoto. Lile jeusi la mbele lilitoka Jumapili iliyopita lenyewe, akalirusha juu ya paa akaomba jipya. Ila musawo ameshaniambia nisisherehekee haraka, gego la kwanza la ukubwani linalotoka miaka sita kule nyuma kabisa lilianza kupigwa lipu karibu na wakati wa kuzaliwa, na ya mbele ya ukubwani yalianza miezi michache tu baadaye, kwa hiyo nayo yanaweza kuwa na madoa. Wengi hawalioni hilo gego manake linaota nyuma bila jino lolote kung'oka, wanadhani ni la utoto litapita. Jana usiku nimemmulika na tochi ya simu, kulia kuna ncha nyeupe imetokeza kama mchele. Kushoto bado ufizi umefunga. Alhamisi tuna siku yetu ya musawo, nitafunga meza mapema.

Ni mimi,
Mama Njiti,
Busia, Uganda